Sonara wa Kinoru na Vidole vya Alfajiri

Tulikuwa tumeshaipita Kiirua, na magunia ya viazi nyuma ya pikapu yalikuwa yameanza kuhamia upande mmoja, nilipomuuliza Mzee Salesio Riungu kama mjini Meru kuna mtu anayeweza kuunga mkufu wa fedha. Mkufu wenyewe niliununua Harar, ukakatika Moyale, nikaufunga kwa uzi Marsabit, na nilipofika Nanyuki uzi nao ulikuwa umechoka.

Mzee Salesio alikuwa mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, na alikuwa amenipa nafasi kwenye gari lake kwa sharti moja tu, kwamba nisikilize ushuhuda wa kuokoka kwake hadi mwisho. Ushuhuda ulikuwa umefika mwaka wa sabini na tatu. Swali langu lilimkatiza. Akapandisha kioo cha dirisha, ingawa barabarani hapakuwa na mtu ila ng'ombe mmoja.

"Yuko mmoja," akasema kwa sauti ya chini. "Kinoru, nyuma ya uwanja. Mama Ndwiga. Kazi yake ni safi. Hakuna mtu amewahi kulalamika."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na wewe usianze."

Nikaona pete yake ya ndoa. Ilikuwa ya fedha, imesokotwa kwa nyuzi nyembamba sana, nayo aliivaa kwenye kidole kidogo cha mwisho, imeishia nusu ya kidole. Tulipofika Makutano nilikuwa nimeshahesabu pete nyingine nne zilizovaliwa hivyo hivyo: ya askari wa trafiki, ya mama wa benki, na za wachungaji wawili waliokuwa wakivuka barabara pamoja. Nikaandika kwenye daftari kwamba Wameru, tofauti na Wakristo wengine niliowatembelea, huvaa pete ya ndoa kwenye kidole cha mwisho, pengine kwa sababu ya heshima fulani ya kale kuhusu mlima. Niliipenda sana nadharia hiyo. Ilidumu siku tatu.

Mzee Salesio hakunifikisha mlangoni. Alisimamisha gari mbali kidogo, akanielekeza kwa kidevu.

"Gari langu linajulikana," akasema. "Akikutengenezea, sema asante. Sema ni nzuri. Usisimame sana."

Nilitarajia kukuta jitu. Nikamkuta mwanamke mfupi wa miaka hamsini na saba, amevaa sweta ya kijani na miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa, amekaa kwenye meza ya jikoni akipuliza mrija wa shaba juu ya makaa. Hakuinua uso. Moto ulitoka kwenye ncha ya mrija mwembamba kama ulimi wa mjusi, ukalamba kitu kidogo kilichokuwa kiking'aa kwenye kipande cha mkaa, ukaacha. Ndipo akaniangalia, akaangalia mkufu, akaupokea. Baada ya dakika ishirini ulikuwa mzima, na mimi niliyeujua vizuri sikuona ulipokuwa umekatika.

"Ni nzuri," nikasema.

"Nani amekuambia useme hivyo?"

"Mzee Salesio Riungu."

"Nilijua," akasema, akaniwekea chai.

Jina lake hasa ni Virginia Ciakuthii. Alizaliwa Mbeere, kwenye joto la upande wa Siakago, katika ukoo wa wahunzi. Babu yake alifua majembe na mikuki, na pia ile mikufu ya chuma yenye pete ndogo ndogo kama mbegu za mtama, ambayo wazee waliivaa masikioni. Baba yake alifanya hivyo hivyo hadi majembe ya dukani yalipomshinda. Lakini watu wa pande hizo, wa nyanda za chini na wa milimani, walikuwa na hofu moja kuhusu mhunzi: akikasirika, akagonga chuma baridi huku akitaja jina lako, mji wako umekwisha. Ndiyo maana mhunzi hakuibiwa, hakutukanwa, wala hakuambiwa kwamba jembe lake limepinda.

Ciakuthii alikuja Meru kuolewa na mwalimu. Familia ya mwalimu ilifanya vikao vitatu juu ya ukoo wake, kisha wakakubali, baada ya kumbatiza mara ya pili kwa tahadhari. Akapata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya mjini. Huko ndiko alikoanza kushuku. Barua za wenzake zilirudishwa zimejaa wino mwekundu. Zake hazikurudi kamwe. Siku moja, kwa makusudi, alipiga jina la mkubwa wa ofisi kwa makosa. Mkubwa alisoma, akameza mate, akatia sahihi. Kwa mwaka mzima uliofuata, aliniambia, yule bwana aliliandika jina lake mwenyewe kwa makosa yale yale.

Mume alipofariki, mwaka wa themanini na mbili, aliacha ofisi. Akanunua riale, zile sarafu za fedha za zamani, zilizoshuka Isiolo kwenye shingo za akina mama wa Kiborana, akaziyeyusha katika kikombe cha udongo, akazivuta kuwa waya. Kwa hilo alikuwa na bamba la chuma lenye matundu ishirini na mawili, kila tundu dogo kuliko lililotangulia. Waya ulipita tundu baada ya tundu, ukipashwa moto kila mara usikatike, hadi ukawa mwembamba kama uzi wa kushonea. Nyuzi mbili alizisokota pamoja, akazilaza kwa nyundo ndogo, akazikunja ziwe majani, maua, mawimbi, akaziunga kwa unga wa fedha na boraksi, ile chumvi ya kuyeyushia. Nimeona masonara wa miji mingi, na wengi wao wana mtambo. Yeye alikuwa na jiko, mrija na pumzi.

Sasa, mwaka wa tisini na sita nilipofika, alikuwa na barua. Ilitoka kwa sonara mmoja wa Nairobi mwenye duka kubwa, ambaye alikuwa ameona hereni zake masikioni mwa bi harusi. Alimwomba aende kwa miezi sita awafundishe mafundi wake kazi ya nyuzi. Jibu lilitakiwa kutumwa kabla ya Ijumaa ya juma lililofuata.

"Nenda," nikasema.

"Niende na nini?" Alivua miwani ya machoni akavaa ile ya kichwani. "Miaka kumi na minne sijarudishiwa hata pete moja. Hata moja! Wewe umetembea. Umewahi kuona fundi ambaye hajawahi kukosea?"

"Hapana."

"Basi. Ama mimi ni malaika, ama nimezungukwa na waongo. Wale wa Nairobi hawamjui babu yangu. Wakiona kosa watalisema, tena mbele ya vijana. Mimi nikalisikie kosa langu mara ya kwanza huko, na mvi hizi? Siendi, mpaka mtu wa hapa aniambie ukweli. Mmoja tu."

Alikuwa na chumba cha uani alichokodisha kwa wasafiri. Nikakichukua, kwa nia ya kukaa siku mbili.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na nyayo. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili, mwezi wa Julai, na ukungu ulikuwa umeshuka mlimani ukakaa Kinoru kama mpangaji asiyelipa. Watu walikuwa wakiingia kwa kupenya ua wa nyuma. Walikuja wawili wawili, makoti yamepandishwa hadi masikioni, wachumba na wazazi wa wachumba, na shemasi mmoja aliyejifunika leso ya mkewe. Hakuna aliyetumia lango. Mtu aliyeokoka asingependa kuonekana mchana akiingia kwa binti ya mhunzi, na mtu huyo huyo asingependa kufunga harusi bila pete ya binti ya mhunzi, kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote. Alfajiri ilitatua mambo yote mawili.

Ciakuthii aliwapima vidole kwa uzi mweupe, mmoja mmoja. Wengine walikuja kuchukua zilizokwisha. Msichana mmoja alivaa yake, ikateleza hadi mahali pake.

"Inakubana?" Ciakuthii akauliza.

"Hapana, Mama! Imekaa sawa kabisa!"

"Angalia tena. Hakuna mahali pamekosewa? Ua hili halijaenda upande?"

"Ni sawa, Mama! Ni nzuri sana! Asante sana!" Na wote wakarudi kinyumenyume hadi mlangoni, wakiwa na adabu ya watu wanaomuaga simba.

Siku ya tatu saa yangu ya mkono ilisimama. Nikashuka Makutano, na kati ya duka la mbegu na kinyozi nikapata kibanda chenye kibao: MISHECK, FUNDI WA SAA NA MENGINEYO. Misheck alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kioo cha fundi kimemkaa jichoni. Alinikaribisha vizuri. Akafungua saa, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama wafanyavyo mafundi wa saa duniani kote, akaniuliza nimefikia wapi.

"Kinoru. Kwa Mama Ndwiga."

Kioo kikamdondoka jichoni. Akavuta kitambaa haraka akafunika kopo la majani ya chai lililokuwa mezani, lakini kitambaa kilinasa na kopo likapinduka. Zilimwagika pete. Ishirini hivi, zote za nyuzi, zote za mkono mmoja niliokuwa nimekaa jirani nao siku tatu.

"Amekutuma?" akauliza. "Bwana, sema tu. Amejua?"

"Amejua nini?"

Ilimchukua muda kuamini kwamba sijui, na alipoamini alikuwa ameshasema nusu, kwa hiyo akamalizia. Pete za Mama Ndwiga zilikuwa ndogo. Si moja wala mbili. Mtu aliivaa alfajiri ikaingia vizuri. Kufikia saa nane mchana, baada ya jembe au baada ya chakula cha harusi, kidole kilikuwa kama soseji iliyofungwa kamba. Kumrudishia nani? Binti ya mhunzi? Hivyo wenye ujasiri waliileta kwa Misheck kimyakimya, akaipanua kwenye chuma chake. Wengine waliihamishia kidole cha mwisho, wakanyamaza. Nikakumbuka daftari langu, nikalisukuma ndani zaidi mfukoni.

"Miaka kumi na moja," Misheck akasema. "Hii nyumba yangu ya mawe, bwana, ni pete za yule mama. Saa siku hizi nani hutengeneza?"

"Anatafuta mtu wa kumwambia kosa lake. Mwambie."

"Mimi?" Alicheka bila furaha. "Nikimwambia, nakufa mara mbili. Kwanza laana, halafu njaa."

Kwa hiyo nikamwambia mimi. Alikuwa akivuta waya kwenye tundu la kumi na tisa. Alisikiliza bila kuacha, akamaliza kuvuta, akaukunja waya vizuri, akavaa viatu vya kanisani. Ilikuwa saa nane mchana. Tulipoingia Makutano kinyozi wa jirani alizima mashine yake, na mteja aliyenyolewa nusu hakulalamika.

"Misheck," Ciakuthii akasema.

"Mama."

"Lete kopo."

Alilileta. Ciakuthii alizimwaga pete juu ya meza, akazigusa moja moja kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesalimia watoto wake waliopotea.

"Wewe ndiye umezivuta hivi? Angalia hili jani. Umelipasua."

"Nisamehe, Mama. Chuma changu ni cha saa. Mimi huumia kabisa nikiipanua kazi kama hii. Haki ya Mungu, sijaona nyingine."

"Usinisifu! Nimeshiba sifa. Niambie kosa."

Misheck akanitazama. Akatazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa wazi. Akafumba macho.

"Ni ndogo, Mama. Zote."

"Kwa kiasi gani?"

"Kiasi kile kile. Kila moja, kama nimeipima kwa kijiti kimoja."

Nilidhani Ciakuthii atalia, au atagonga kitu. Midomo yake ilikuwa inasogea, na kinyozi, nadhani, alikuwa anasali. Lakini midomo ile ilikuwa inafanya hesabu. Mkono mbaya hukosea huku na kule. Zikikosea zote kwa kiasi kimoja, mkono hauna hatia; mwenye hatia ni kipimo. Alichukua uzi wake mfukoni akaukaza kwenye kidole cha Misheck, akaukata.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwangu."

Misheck alikuja, bila shaka baada ya kuaga familia yake. Alipimwa kwenye ukungu. Uzi wa Makutano na uzi wa alfajiri zililazwa mezani sambamba, na ule wa alfajiri ulikuwa mfupi kwa upana wa punje ya wimbi. Ciakuthii aliuangalia kwa muda mrefu. Huko Mbeere alikozaliwa, kidole ni kidole asubuhi na jioni. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba huku juu, kwa baridi, binadamu huamka akiwa mwembamba.

"Walikuja alfajiri kwa sababu wananiogopa," akasema polepole. "Zikawabana kwa sababu walikuja alfajiri. Hawakuniambia kwa sababu wananiogopa. Misheck, hawa watu wamesoma?"

"Wengine wana digrii, Mama."

Jumapili, wakati wa matangazo, baada ya kamati ya choo na kabla ya harambee ya kipaza sauti, Virginia Ciakuthii alisimama kwenye benchi la akina mama. Alisema kwamba mwenye pete yake inayombana ailete kesho saa nane mchana, kupitia lango la mbele, na atatengenezewa upya. Aliongeza kwamba hajui kulaani. Kwamba nyundo ya babu yake ilipotea mwaka wa hamsini na nne. Na kwamba anayesema pete ni sawa wakati si sawa anavunja amri mojawapo, mchungaji anaweza kuwatajia namba yake. Kanisa zima likaitikia "Amina" na kuficha mikono ya kushoto chini ya vitabu vya nyimbo.

Jumatatu saa nane aliweka meza barazani, juani. Hakuja mtu. Watu walipita barabarani polepole, wakitazama mbele kama wanajeshi. Saa tisa hakuja mtu. Ciakuthii alikunja mikono.

"Nitaandika barua leo," akasema. "Nitawaambia Nairobi hapana."

Barua ilikuwa mistari miwili tayari lango lilipogongwa kwa teke. Aliingia mwanamke mrefu mwenye gumboti, udongo wa viazi bado umemganda mikononi. Alikuwa Karwirwa, mke wa Mzee Salesio. Mzee mwenyewe alibaki nje ya ua, nyuma ya mti, akimwita kwa kunong'ona arudi.

Karwirwa aliweka mkono mezani. Pete ilikuwa kwenye kidole chenyewe cha pete, imezama, na nyama imeifunika pande zote.

"Mama Ndwiga, hii pete yako imenitesa miaka tisa. Nimeipaka sabuni, nimeipaka mafuta ya kupikia. Huyu mume wangu ananiambia nivumilie, eti utatumaliza. Mimi nimechoka. Kama ni kufa, nife na kidole changu."

"Inabana?"

"Inabana! Unauliza nini, huoni?"

Ciakuthii aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Sema tena," akamwambia.

"Inabana! Ni mbaya! Ua ni zuri, siwezi kudanganya, lakini pete ni mbaya!"

Aliikata kwa koleo dogo, kwa uangalifu wa daktari, na kidole kilipotoka Karwirwa alikipunga angani. Hakufa. Alikaa kwenye kiti akisubiri, akanywa chai, akaomba sukari zaidi, na bado hakufa. Nje ya ua watu walisimama wakimtazama. Saa kumi walikuwa thelathini. Kufikia Jumatano foleni ilifika uwanjani.

Na hapo Wameru walionyesha kipawa walichokificha miaka kumi na minne. Walilalamika. Walilalamika kuhusu pete, kisha hereni, kwamba ni nyepesi mno na haziwezi kuonwa na watu wa viti vya nyuma. Mwalimu mkuu mmoja alisema waridi lake lina majani matano, naye alitaka saba. Yule shemasi wa leso alidai kwamba tangu avae pete hii anakoroma. Mama wa benki alileta bangili ambayo Ciakuthii hakuitengeneza, akailalamikia pia. Ciakuthii alisikiliza kila mmoja, uso umemng'aa, akauliza maswali, akapima vidole kwenye jua kali. "Endelea," alikuwa akisema. "Na nini kingine?" Misheck alikaa ubavuni pake na msasa, maana Ciakuthii alimwambia kwamba mtu aliyenyoosha makosa yake miaka kumi na moja ndiye fundi pekee anayeyajua.

Ile barua yenye mistari miwili aliichana. Aliandika nyingine, akaipeleka posta Alhamisi kwa mkono wake.

Jumanne iliyofuata alikuwa tayari kuondoka. Akamkabidhi Misheck meza na funguo. Mimi alinikabidhi daftari jipya.

"Wewe kaa juma moja," akasema. "Misheck bado ni mtu wao, watamficha. Wewe ni mgeni, watakuambia hata ya jikoni. Andika kila lalamiko, hata la kijinga. Nitumie Nairobi."

Nilikuwa na safari ya Embu. Nikasema sawa.

Pikapu ya Mzee Salesio ilifika saa nne asubuhi, ikasimama mbele ya lango kabisa, kwa sababu Karwirwa ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Saa tano, mizigo ilipokuwa tayari, Mzee alishuka kupakia. Aliinua sanduku lenye bamba la matundu na mrija na nyundo, akalishusha, akajishika kiuno. Akamtazama Karwirwa. Akamtazama Ciakuthii. Nilimwona akikusanya ujasiri.

"Mama Ndwiga," akasema, "huu mzigo ni mzito mno. Na umetuchelewesha. Tulisema saa nne."

Ciakuthii alisimama wima barabarani, sweta ya kijani imefungwa vifungo vyote.

"Kweli nimechelewa, Mzee," akajibu. "Asante sana."

Akapanda katikati yao. Karwirwa alikanyaga mafuta kabla mlango haujafungwa, na nikasikia sauti ya Mzee, iliyokwisha kupata moto, ikilalamika kuhusu mlango, kuhusu vumbi, kuhusu bei ya petroli, hadi walipokata kona ya uwanja.

Nikarudi barazani. Misheck alikuwa ameshapiga msasa pete mbili, na mwanamume mwenye koti la mvua alikuwa amesimama mbele ya meza, kidole kimenyooshwa.

"Wewe ndiye unaandika?" akaniuliza. "Andika. Mimi nina mambo sita."